Hewa Ndiyo Ichezayo, Si Nyota

Askari aliyepata kushika zamu ya usiku katika ufuko wa Gisenyi, pale ambapo mji huo wa wilaya ya Rubavu unakutana na Ziwa Kivu upande mmoja na mpaka wa Kongo upande wa pili, anazijua vema taa za wavuvi. Mitumbwi hufungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, ikaingia ziwani jua linapokuchwa kutafuta sambaza, wale samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Ili kuwavuta samaki hao waje juu, wavuvi huwasha taa kali, ambazo zamani zilikuwa karabai za mafuta. Ukitazama kutoka ufukoni utadhani ni mji mwingine unaoelea juu ya maji.

Mlinzi akiinua darubini yake kuzitazama taa hizo hukutana na shida mbili, nazo si shida moja yenye majina mawili. Ya kwanza ni kwamba taa hucheza: hutanuka, hufifia, hupasuka vipande viwili, kisha huungana tena. Ya pili ni kwamba mng'ao wa taa humeza kila kilicho jirani nayo. Mtumbwi mdogo usio na taa, hata ukiwa hatua ishirini tu kutoka kwenye karabai, hauonekani kabisa. Huenda ni wa mvuvi maskini aliyeishiwa mafuta. Huenda ni wa mtu apitishaye magendo. Atakayeamua ni yule aliyeshika darubini, na uamuzi wake waweza kumfikisha mtu mahakamani au kaburini.

Wanafalaki, yaani wataalamu wa elimu ya nyota, wamepambana na shida hizo hizo mbili kwa muda mrefu. Kuitafuta sayari iliyo kando ya nyota ni sawasawa na kuutafuta mtumbwi usio na taa kando ya karabai, ila umbali wenyewe hupimwa kwa miaka ya nuru. Njia waliyoigundua yafaa ijulikane na askari wa jeshi na wa polisi. Sehemu kubwa ya njia hiyo ilivumbuliwa jeshini na kufichwa jeshini. Tena, adui waliyekutana naye mwishoni, baada ya kumshinda yule wa kwanza, hakuwa giza wala umbali. Alikuwa kasoro ya chombo chao wenyewe, iliyowaonyesha vitu visivyokuwapo.

Tuanze na hewa. Nuru husafiri polepole kidogo katika hewa baridi kuliko katika hewa ya joto, kwa sababu hewa baridi imeshikamana zaidi. Mahali ambapo mabonge ya hewa baridi na ya joto yamechanganyika, miali ya nuru hupinda huku na huko mithili ya kupita katika kioo kibovu cha dirisha, tena kioo chenyewe hakitulii hata nukta moja. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji yake hayabadiliki sana joto usiku na mchana, ilhali nchi kavu hupoa upesi baada ya jua kuchwa, na upepo wa baridi hushuka kutoka milimani ukaelekea ziwani. Hivyo alfajiri hewa baridi hulala juu ya maji yenye joto, na hapo ndipo mtumbwi wa mbali huonekana umeinuka juu ya maji, au una mfano wake umepinduka chini yake. Polisi wa barabarani wanalijua jambo hili kwa sura nyingine: gari la mbali juu ya lami ya mchana huonekana likikatiza dimbwi la maji ambalo halipo.

Isaac Newton aliandika katika kitabu chake juu ya nuru, kilichochapishwa mwaka 1704, kwamba hakuna darubini iwezayo kutengenezwa hata ikaondoa mtetemo huo wa hewa, na kwamba dawa pekee ni kupanda juu ya vilele vya milima mirefu. Kwa miaka 250 hakuna aliyempinga, nao wanafalaki wakapanda milima. Hata huko juu, darubini yenye kioo cha upana wa mita 8 haikuona kwa ukali kuliko ile ya sentimita 20. Ilikusanya nuru nyingi zaidi, lakini picha ilibaki na ukungu ule ule. Ukungu huo, mahali pazuri, una upana wa karibu sehemu moja katika 3,600 za nyuzi moja, ambao ni sawa na sarafu ya milimita 24 ikitazamwa kutoka kilometa 5. Kwa mlinzi wa ufukoni hilo ni jambo dogo mno. Kwa mtu anayetafuta sayari ni ukuta.

Mwaka 1953 mwanafalaki wa Marekani, Horace Babcock, alitoa shauri lililoonekana kama ndoto. Ikiwa hewa inaiharibu nuru, alisema, basi na tupime jinsi ilivyoharibika, kisha tuipeleke kwenye kioo ambacho uso wake umepindishwa kinyume cha uharibifu huo, ili makosa mawili yafutane. Yeye alifikiria utando mwembamba wa mafuta juu ya kioo, unaoinuliwa na kushushwa kwa umeme. Jambo lenyewe halikuwezekana wakati ule. Hewa hubadilika mara mamia kwa sekunde, na kompyuta za wakati huo zisingeweza kufuatana nayo.

Waliolitimiza ni wanajeshi. Wakati wa uhasama baina ya Marekani na Urusi ya Kisovieti, wakuu wa majeshi ya Marekani walitaka kuzipiga picha setelaiti za wenzao kutoka ardhini, na kila picha ikatoka kama tone la maziwa. Kampuni ya Itek ya jimbo la Massachusetts ilijenga katika maabara, mwaka 1973, chombo chenye kioo kilichosukumwa kwa nyuma katika sehemu 21. Mwaka 1982 chombo kikubwa zaidi, chenye sehemu 168, kilifungwa katika darubini ya mita 1.6 juu ya mlima Haleakala, katika kisiwa cha Maui huko Hawaii. Ikabaki shida ya kipimo. Ili kujua hewa inafanya nini sharti kuwe na nuru kali ya kutazama, na mbingu nyingi hazina nyota kali karibu na kile unachokitaka. Wakaamua kuiwasha nyota wao wenyewe: mwali wa leza hurushwa juu, sehemu yake hurudishwa na hewa, na nuru hiyo irudiyo ndiyo hupimwa. Mwaka 1983, kikundi cha Robert Fugate katika kambi ya jeshi la anga jimboni New Mexico kilithibitisha kwamba jambo hilo linafaa, nacho kikakatazwa kusema neno.

Miaka miwili baadaye Wafaransa wawili, Renaud Foy na Antoine Labeyrie, wasiojua lolote la New Mexico, waliandika wazo hilo hilo katika jarida lililo wazi kwa kila msomaji. Mwezi Oktoba 1989, katika kituo cha Haute-Provence nchini Ufaransa, chombo cha kiraia kilichoitwa COME-ON kilitoa picha za nyota zilizonyooshwa. Ndipo mwezi Mei 1991 serikali ya Marekani ilipoifungua siri yake. Mwandishi wa makala haya hapingi siri za kijeshi, maana kila jeshi lina zake; lakini siri ambayo watu wawili wenye kalamu na karatasi wanaweza kuifikia wenyewe haina umri mrefu, na katika jambo hili miaka ilipotea bure kwa pande zote mbili.

Jinsi kioo hicho kinavyofanya kazi si vigumu kwa mtu aliyepata kucheza gwaride. Nuru itokayo kwenye nyota hufika juu ya angahewa ikiwa imepangwa katika safu zilizonyooka, kama kikosi kinachopita mbele ya jukwaa. Kisha safu huingia katika hewa kana kwamba uwanja una matope hapa na sakafu ngumu pale. Wanaokanyaga matope wanachelewa, wengine wanatangulia, na safu inayofika chini imepinda vibaya. Kipimio hutazama nani amechelewa na kwa kiasi gani. Kompyuta hupeleka amri. Nyuma ya kioo chembamba vimo visukumio vingi, na mahali ambapo safu imechelewa kioo husogea mbele kuipokea, ili iwe na njia fupi. Mahali ilipotangulia kioo hurudi nyuma. Miendo hiyo ni midogo kuliko unene wa unywele. Safu ikishapigwa na kioo inaondoka imenyooka tena, na kazi huanza upya, zaidi ya mara 1,000 katika sekunde moja. Elimu hii ndiyo tutakayoiita optiki ya kujirekebisha.

Leo katika jangwa la Atacama, nchini Chile, darubini moja ya mita 8.2 iitwayo Yepun ina kioo cha namna hiyo chenye upana wa mita 1.12 na unene wa milimita 2 hivi tu, kikisukumwa katika sehemu 1,170. Tangu mwaka 2016 darubini hiyo hurusha miali minne ya leza ya rangi ya machungwa hadi kilometa 90 juu, ambako kuna tabaka la sodiamu iliyoachwa na vimondo, na sodiamu hiyo ikang'aa kama nyota nne.

Hapo shida ya kwanza, ile ya taa kucheza, ilikuwa imepata dawa. Ya pili, yaani mng'ao, dawa yake ni ya kale zaidi. Mfaransa Bernard Lyot, mnamo mwaka 1930, alitaka kuona taji la jua, ile nuru hafifu inayolizunguka jua na ambayo watu huiona wakati wa kupatwa tu. Aliweka ndani ya darubini kisahani cheusi cha kuliziba jua, na pete ya kuziba nuru inayovuja kandokando. Chombo hicho huitwa koronagrafu. Mlinzi anayeinua kidole gumba kuiziba karabai ili aone pembeni yake anafanya vivyo hivyo, ila kwa Lyot ile nuru inayopenya ukingoni mwa kidole nayo imekamatwa.

Uzito wa kazi hii uko katika hesabu. Nuru ya sayari ya Sumbula, yaani Mshtarii, ni sehemu moja tu katika milioni 1,000 za nuru ya Jua. Nuru ya Dunia yetu ni sehemu moja katika milioni 10,000. Sayari changa, ambazo bado zina moto wa kuzaliwa kwake, ni rahisi zaidi zikitazamwa kwa nuru ya infraredi, ile isiyoonekana kwa macho. Hizo huwa sehemu moja katika maelfu au mamia ya maelfu. Ndizo zilizoonekana kwanza.

Basi wakawa na kioo kinachojipinda, na kisahani kinachoziba. Wakatazama. Wakaona kando ya nyota si sayari moja, bali vidoa vya nuru kwa mamia, na kila kimoja kina ukubwa na umbo lile lile ambalo sayari ingekuwa nalo.

Vidoa hivyo vinatoka wapi? Baadhi ni masalio ya hewa. Hivyo hubadilika upesi, na picha ndefu huvichanganya vikawa ukungu mwororo. Vibaya ni vile visivyobadilika, au vinavyobadilika polepole kwa dakika na saa. Hivyo hutoka ndani ya chombo. Nuru ndani ya darubini hugawanywa mara mbili: nusu moja huenda kwenye kipimio, nusu nyingine kwenye kamera. Kipimio hakiwezi kuona kasoro iliyo katika njia ya kamera. Lenzi moja iliyokwaruzwa kidogo, chuma kilichopinda kwa uzito wake darubini inapoinama, joto la usiku lililoshuka kidogo, vyote hivyo huzaa vidoa, na kompyuta inaendelea kutoa taarifa kwamba kila kitu kimenyooka. Ni kama mkaguzi anayekagua lango la mashariki kwa bidii kubwa wakati watu wanapita lango la magharibi.

Hata chombo kikubwa kuliko vyote kwa sifa kilipata kuumbuka kwa kasoro ya namna hii. Darubini ya Hubble ilirushwa angani mwezi Aprili 1990, juu ya hewa yote, na picha zake zikatoka na ukungu. Kioo chake kikuu kilikuwa kimesuguliwa kwa ufundi wa hali ya juu katika umbo lisilo sahihi: ukingo ulizidi kuwa bapa kwa mikroni 2 na kidogo, kwa kuwa lenzi moja ya kifaa cha kupimia ilikaa milimita 1.3 mbali na mahali pake. Waliosugua walikitii kipimo. Mwezi Desemba 1993 wanaanga walikwenda kuivisha miwani.

Kwa vidoa vya sayari, dawa ya kwanza kupatikana ni ile ambayo mtumiaji yeyote wa darubini anaweza kuijaribu kwa mkono wake. Ukiona kitu chenye shaka, izungushe darubini yenyewe bila kuacha kukitazama. Doa lililo kwenye kioo huzunguka pamoja na kioo. Mtumbwi ulio ziwani hubaki mahali pake. Wanafalaki hufanya hilo kwa kuiacha mbingu izunguke yenyewe. Usiku unavyokwenda, nyota na vyote vinavyoizunguka huzunguka mbele ya kamera, lakini vidoa vya chombo hubaki vimesimama. Kompyuta huondoa kilichosimama na kubakiza kilichozunguka. Kwa njia hii kundi la Christian Marois, mwaka 2008, lilitangaza picha ya sayari tatu zinazoizunguka nyota HR 8799. Ya nne ikafuata mwaka 2010.

Kisa cha nyota Beta Pictoris chafaa kusimuliwa kwa kirefu zaidi, kwa sababu ya subira iliyomo. Nyota hiyo yaonekana kutoka Gisenyi kwa macho matupu, upande wa kusini, usiku wa mwezi Januari, si mbali na ile nyota kali ambayo manahodha wa pwani huiita Suheli. Mwaka 2003 darubini ya Yepun iliipiga picha. Kundi la Anne-Marie Lagrange lilipozichambua upya picha hizo liliona kidoa kando yake, likatangaza mwaka 2008 kwa tahadhari kwamba huenda ni sayari. Mapema mwaka 2009 walitazama tena, nacho hakikuonekana. Mtu mwenye haraka angesema kilikuwa doa la kioo. Mwingine mwenye haraka angeshikilia kwamba ni sayari. Wao walingoja. Mwishoni mwa mwaka huo huo kidoa kikajitokeza upande wa pili wa nyota, kama ipasavyo kwa kitu kilichozunguka nyuma au mbele yake. Habari ikachapishwa mwaka 2010 bila shaka tena.

Haikuwa hivyo kwa Fomalhaut, nyota kali inayosimama juu kuelekea kusini yapata saa tatu usiku mwezi Oktoba. Mwaka 2008, kwa picha za Hubble, ilitangazwa kwamba ina sayari, na picha yake ikazunguka dunia nzima magazetini. Kidoa kilikuwapo kweli, wala hakikuwa kosa la chombo. Lakini kiliendelea kutanuka na kufifia, na mwaka 2020 watafiti wawili wa Arizona walionyesha kwamba chaelekea zaidi kuwa wingu la vumbi, lililotokana na kugongana kwa miamba miwili mikubwa. Kuona kitu na kukitambua ni kazi mbili.

Dawa ya pili ya vidoa ni ya kijasiri zaidi, na hutumia kioo kile kile kinachojipinda. Badala ya kukiamini kipimio, huiuliza kamera yenyewe. Kioo hupindishwa kidogo kwa makusudi, kwa umbo linalojulikana, na kila kidoa hutazamwa kimeongezeka au kimepungua; kwa majibu hayo kompyuta hujua safu ya nuru iliyozaa kidoa hicho imepinda vipi, nayo huamuru kipinde kilicho kinyume chake. Rudia mara nyingi, na kando ya nyota hutokea eneo jeusi lisilo na vidoa. Malbet, Yu na Shao walilieleza jambo hili mwaka 1995, na mwaka 2007 maabara ya NASA huko California ikaonyesha kwamba yawezekana kufikia giza la kutosha kuona sayari mfano wa Dunia. Darubini ya anga ya Nancy Grace Roman imejengwa ikiwa na koronagrafu yenye vioo viwili vya namna hiyo, kila kimoja na visukumio 48 kwa 48. Huko juu hakuna hewa ya kurekebishwa. Vioo hivyo vipo kwa ajili ya kasoro za darubini peke yake.

Elimu hii imeshuka pia hadi kwenye jicho la mwanadamu. Mwaka 1997 wataalamu wa chuo kikuu cha Rochester, Marekani, waliutumia mtambo huo kutazama ndani ya jicho la mtu aliye hai, wakaziona chembe moja moja zinazopokea nuru. Wengi wetu hatuna haja ya mtambo. Katika miaka ya 2010 Wizara ya Afya ya Rwanda, ikishirikiana na shirika la Vision for a Nation, ilifundisha wauguzi wa vituo vya afya nchini kote kupima macho na kutoa miwani, pamoja na ile ambayo mvaaji huigeuza nguvu yake mwenyewe. Askari anayelaumu darubini yake angeanza huko.

Msomaji atauliza kwa nini kioo kinachojipinda hakijafungwa katika darubini ya mlinzi wa ziwa. Gharama ni sababu mojawapo, wala si kubwa kuliko nyingine. Anayetazama juu huipita hewa nzito upesi akaiacha nyuma. Anayetazama kilometa 5 juu ya maji yumo ndani ya hewa hiyo mwanzo hadi mwisho, na rekebisho linalofaa kwa ncha moja ya mtumbwi halifai kwa ncha ya pili. Zipo hatua nyingine zinazopunguza shida. Kituo kilicho juu, kama kwenye mteremko wa mlima Rubavu, huinua mstari wa macho kutoka katika tabaka lililo baya zaidi. Siku ya mawingu isiyo na upepo huonyesha vizuri kuliko mchana wa jua kali. Na mwenye kamera asipige picha moja ndefu, bali apige nyingi fupi fupi. Mwaka 1978 Mmarekani David Fried alikokotoa ni mara ngapi hewa hutulia kwa bahati, kwa kitambo kifupi tu. Katika mamia ya picha zitakuwamo chache zilizopigwa wakati huo, na hizo ndizo za kuwekwa katika jalada, pamoja na saa zilizopigwa.